Programu Moja, Maana Nyingi: Viwango vya Pamoja vya Rekodi za Matibabu za Kielektroniki katika Programu Huria za Afrika Mashariki

Ikisiri

Vituo vingi vya tiba nchini Kenya, Uganda na Rwanda vinatunza rekodi za wagonjwa kwa mifumo iliyojengwa juu ya programu huria moja, yaani OpenMRS. Hata hivyo, kuwa na programu moja hakutoshi kuviwezesha vituo hivyo kupelekeana rekodi zikaeleweka. Makala hii inafafanua chanzo cha hali hiyo kwa kuchunguza kamusi ya dhana iliyo ndani ya programu hiyo, viwango vya kimataifa vya misimbo na vya ujumbe, na nafasi ya Kiswahili katika kuunganisha lugha ya mgonjwa na lugha ya mfumo. Makala inadai kuwa makubaliano kuhusu maana yanapaswa kutangulia makubaliano kuhusu mitambo, na kwamba kazi hiyo inahitaji mwenyewe anayejulikana na bajeti inayodumu.

Maneno muhimu: programu huria, rekodi za matibabu, viwango, kamusi ya dhana, istilahi

1.0 Utangulizi

Mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia umeugawa mji mmoja kati ya nchi mbili. Wachuuzi, madereva wa malori na wavuvi wa Ziwa Victoria huvuka huku na huko bila kuona ajabu yoyote. Miongoni mwao wamo watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambao huanza tiba upande mmoja na kuhamia upande wa pili kwa kufuata kazi au ndoa. Mtu wa namna hiyo anapofika katika kituo kipya hubeba barua ya uhamisho ikiwa aliikumbuka, au kadi iliyochakaa, au kumbukumbu zake mwenyewe. Mhudumu wa mapokezi hufungua kompyuta na kuanza kuandika upya tangu jina.

Jambo la kushangaza ni kwamba kompyuta hiyo na ile ya ng'ambo ya pili huenda zinaendesha mifumo ya ukoo mmoja. KenyaEMR na UgandaEMR zote ni matoleo ya kitaifa yaliyojengwa juu ya OpenMRS. Skrini zao zinafanana na hifadhidata zao zina majedwali yaleyale. Hata hivyo, tarehe ambayo mgonjwa alianza tiba, dawa alizowahi kubadilishiwa na matokeo ya vipimo vyake vya wingi wa virusi havivuki mpaka kwa sababu tu ya udugu huo wa programu. Matokeo yake si usumbufu wa karani peke yake. Daktari asiyejua kwamba mseto fulani wa dawa ulishashindwa mwilini mwa mgonjwa anaweza kumrudisha kwenye mseto huohuo, na miezi ikapita kabla kosa halijaonekana maabara.

Katika mijadala ya kisera, tatizo hili mara nyingi hupewa jibu la haraka: nchi zote zichague mfumo mmoja. Makala hii inaonyesha kwa nini jibu hilo halifiki kwenye kiini cha tatizo. Mfumo mmoja tayari upo kwa kiasi kikubwa. Kinachokosekana ni makubaliano kuhusu kile kinachoandikwa ndani yake.

2.0 Kutoka Mosoriot hadi Rwinkwavu

Historia ya OpenMRS ni historia ya eneo hili kwa kiwango ambacho wengi hawakijui. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo mdogo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa wa nje, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mfumo huo ulitumia Microsoft Access, programu ya ofisini ambayo haikukusudiwa kubeba mzigo wa maelfu ya wagonjwa. Mpango wa AMPATH ulipoanza kutibu wagonjwa wa VVU kwa wingi, mfumo ule ulielemewa.

Mwaka 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walifika Eldoret na kuona kwamba kurekebisha mfumo wa zamani kusingetosha. Walianza kubuni muundo mpya, na punde wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, pamoja na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, ambao walikuwa wakihangaika na tatizo lilelile katika mazingira tofauti. Programu ilianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006, ikafuata hospitali ya Rwinkwavu nchini Rwanda mwezi Agosti mwaka huohuo, kisha Richmond nchini Afrika Kusini kabla ya mwaka kwisha.

Msimbo wa programu ulitolewa kwa leseni huria. Maana yake ni kwamba wizara, hospitali au kampuni yoyote inaweza kuuchukua, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza bila kulipia leseni. Faida ya uamuzi huo haihitaji kutetewa kwa maneno mengi: bila leseni huria, vituo vya vijijini visingeweza kupata mfumo wa hadhi hiyo, na watengeneza programu wa Nairobi, Kampala na Kigali wasingejifunza kwa kuufungua na kuutazama ndani. Lakini leseni inayompa kila mtu haki ya kubadilisha haimlazimishi mtu yeyote kubadilisha kwa namna inayolingana na ya jirani yake. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuachana.

3.0 Kamusi ya dhana na matatizo yake

Mtu anayefungua hifadhidata ya OpenMRS kwa mara ya kwanza akitafuta safu inayoitwa "uzito" au "shinikizo la damu" hataiona. Kila kitu kilichopimwa au kuulizwa huandikwa kama mstari mmoja katika jedwali moja kubwa la uchunguzi. Mstari huo unataja mgonjwa ni nani, ni hudhurio lipi, ni tarehe gani, ni dhana nambari ngapi, na jibu lilikuwa nini. Maana ya nambari ya dhana haimo katika mstari huo. Imo katika kamusi iliyo pembeni. Mstari unaosema kwamba dhana 5089 ina thamani 62 hausemi chochote mpaka msomaji afungue kamusi na kukuta kwamba 5089 ni uzito wa mwili kwa kilogramu.

Wabunifu walikuwa na sababu nzuri. Katika muundo wa kawaida, kuongeza swali jipya kwenye fomu ya kliniki hudai kubadilisha majedwali na kuandika upya sehemu ya programu. Katika muundo huu, mhudumu aliyefunzwa kidogo huongeza dhana moja kwenye kamusi na kazi ikaendelea. Kwa tiba ya VVU, ambayo miongozo yake imekuwa ikibadilika mara kwa mara, wepesi huo ulikuwa wa lazima. Hata hivyo, ulihamisha mzigo wote wa maana kutoka kwa mtengeneza programu hadi kwa mtunza kamusi, na vituo vingi havikuwahi kumwajiri mtunza kamusi.

Yaliyofuata yanaeleweka. Kituo kilichohitaji dhana mpya kiliiunda, nayo ikapewa nambari inayofuata katika hifadhidata ya hapohapo. Kituo kingine, siku hiyohiyo, kingeweza kupata nambari hiyohiyo kwa dhana isiyohusiana nayo hata kidogo. Ni kweli kwamba OpenMRS hukipa kila kitu utambulisho wa pili wenye herufi na tarakimu 36 ili migongano ya nambari isitokee. Utambulisho huo huzuia vitu viwili tofauti kuchukuliwa kuwa kimoja. Hauwezi kugundua kwamba vitu viwili vyenye utambulisho tofauti vina maana moja, na hili la pili ndilo linalosumbua zaidi.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili ilikuwa kamusi ya pamoja. Kamusi inayotumiwa sana ni ile ya CIEL, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Columbia chini ya Andrew Kanter, ambayo matoleo mengi ya kitaifa yamejengwa juu yake. Ndani yake 5089 bado ni uzito, 5497 ni idadi ya seli za CD4, na 856 ni wingi wa virusi vya UKIMWI. (Utambulisho wa dhana zake hutambulika kwa jicho: nambari ya dhana, kisha msururu mrefu wa herufi A hadi kutimia herufi 36. Si mapambo ya kupendeza, lakini mtaalamu aliyechoka usiku huyashukuru.) Kamusi hii inaunganisha dhana zake na misimbo ya kimataifa, na kwa hiyo nchi inayoifuata kwa uaminifu imeshafanya nusu ya kazi. Ugumu umo katika nusu ya pili, kwa sababu tofauti nyingi hazimo katika orodha ya maneno. Zimo katika namna ya kuuliza.

Mfano wa kwanza ni vipimo. Katika OpenMRS, kipimo cha tarakimu hupata kizio chake kutoka katika kamusi. Mstari wa uchunguzi wenyewe hubeba tarakimu tu. Sukari ya damu ya mtu aliyefunga kula ikiwa ni 7.0 kwa milimoli kwa lita, ni sawa na miligramu 126 kwa desilita, na hapo ndipo mpaka wa kisukari unapohesabiwa. Maabara moja huandika 7, nyingine 126. Tarakimu hizo zikihamishwa bila kamusi zake, saba yenye kizio cha desilita ingekuwa mtu aliyezimia na 126 yenye kizio cha milimoli ingekuwa ya mtu aliye hatarini kufa. Makosa makubwa ya namna hiyo hugunduliwa upesi. Yanayotisha zaidi ni yale ya vipimo ambavyo tarakimu zake zinaingiliana, kama idadi ya CD4 na asilimia ya CD4 kwa watoto wadogo: 25 inaweza kusomwa kama mtoto aliye mahututi au kama mtoto anayeendelea vizuri, kutegemea ni dhana ipi iliyochaguliwa.

Mfano wa pili ni mseto wa dawa. Kenya imekuwa ikitumia misimbo mifupi ya kitaifa. AF2B, kwa mfano, ilimaanisha tenofovira, lamivudini na efavirenzi kwa pamoja. Mfamasia wa Kenya huisoma kama jina la mtu anayemjua. Nje ya Kenya ni herufi tu. Uainishaji wa dawa unaoratibiwa chini ya Shirika la Afya Duniani unaupa mseto huohuo msimbo J05AR11, ambao hakuna mhudumu anayeukumbuka kichwani lakini kompyuta yoyote duniani inaweza kuutafsiri. Hakuna haja ya kumlazimisha mfamasia aache msimbo aliouzoea. Inatosha kwamba mfumo wake uwe na jedwali linalofungamanisha misimbo hiyo miwili, na kwamba kuwe na mtu mwenye wajibu wa kulisahihisha kila mwongozo wa tiba unapobadilika.

Mfano wa tatu ndio mgumu kuliko yote, nao hauhusu misimbo. "Tarehe ya kuanza ARV" ni dhana inayopatikana karibu katika kila mfumo wa kliniki ya VVU. Kwa kituo kimoja humaanisha siku mgonjwa alipomeza dawa kwa mara ya kwanza maishani, popote alipokuwa. Kwa kingine humaanisha siku alipoanza kupewa dawa na kituo hicho. Kwa mgonjwa asiyewahi kuhama, tarehe hizo mbili ni moja, na ndiyo maana hitilafu hujificha. Kwa mgonjwa wa Busia aliyehama mara mbili, tofauti yaweza kuwa miaka. Programu haiwezi kuamua ni ipi iliyo sahihi. Wala kiwango cha kimataifa hakiwezi, mpaka wataalamu wa tiba wa nchi husika wakae na kuandika sentensi moja inayoeleweka.

4.0 Viwango vilivyopo

Viwango vya rekodi za matibabu vinaweza kutazamwa katika tabaka mbili, ingawa vitabu vya fani hutaja zaidi. Tabaka la kwanza ni la misimbo ya maana. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, hutumika kwa utambuzi wa magonjwa na takwimu za vifo. LOINC hutumika kwa vipimo vya maabara na uchunguzi. Uzito wa mwili humo ni 29463-7. UCUM hutumika kwa vizio. SNOMED CT ni pana kuliko zote, lakini hutumika kwa masharti ya leseni ya shirika la nchi wanachama, jambo ambalo mshauri wa sera hana budi kulipima kabla ya kulifanya sharti la kitaifa kwa programu iliyochaguliwa kwa sababu ya uhuria wake. Inafaa kukumbuka kwamba LOINC na UCUM zilizaliwa katika Taasisi ya Regenstrief, taasisi ileile iliyotuma wataalamu Eldoret. Elimu ya viwango na elimu ya OpenMRS zilitoka nyumba moja, kisha zikapita milango tofauti.

Tabaka la pili ni la ujumbe, yaani bahasha ambayo misimbo hiyo husafiria. Shirika la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, lilitoa toleo la pili la ujumbe wake ambalo bado linatumika katika mashine nyingi za maabara: mistari ya maandishi iliyotenganishwa kwa vijiti wima. Tangu mwaka 2011, chini ya uongozi wa Grahame Grieve wa Australia, shirika hilo lilianza kujenga kiwango kipya kinachoitwa FHIR, ambacho kifupi chake hutamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya moto, na wataalamu hawachoki kulifanyia utani. FHIR hutumia mbinu zilezile zinazotumiwa na tovuti za kawaida, maelezo yake hupatikana bure, na toleo lake la nne, la mwishoni mwa mwaka 2018, ndilo linalotegemewa na watengeneza programu wengi. OpenMRS ina moduli inayozungumza FHIR.

Tofauti moja ya FHIR inajibu moja kwa moja tatizo la sukari lililotajwa juu: humo tarakimu husafiri pamoja na kizio chake. Lakini FHIR kwa makusudi ni kiwango kilicholegezwa. Kinaeleza kwamba uchunguzi una msimbo, thamani na tarehe. Kwa sehemu kubwa hakisemi msimbo utoke orodha ipi, na vipengele vyake vingi si vya lazima. Nchi mbili zinaweza kutangaza, kwa ukweli mtupu, kwamba mifumo yao inafuata FHIR, na bado zisielewane hata neno. Kinachohitajika juu yake ni mwongozo wa utekelezaji unaobana uhuru huo: kwa kila kipengele, orodha ipi, kizio kipi, lazima au hiari. Kwa hiyo zabuni ya serikali inayotaka tu "mfumo unaofuata FHIR" haijadai chochote kinachoweza kukaguliwa.

5.0 Maneno ya mgonjwa

Kamusi ya dhana ya OpenMRS inaruhusu kila dhana kuwa na majina katika lugha nyingi. Nafasi hiyo ya Kiswahili kwa kawaida huachwa kuwa jambo la tafsiri, linalofanywa mwishoni na kijana aliyejitolea. Mtazamo huo una gharama, kwa sababu dalili za ugonjwa husemwa kwa lugha ya mgonjwa kabla hazijaandikwa kwa lugha ya mfumo, na kosa linalotokea hapo halirekebishwi na kiwango chochote kinachofuata.

Neno "degedege" ni ushahidi mzuri. Katika pwani ya Tanzania, wazazi hulitumia kwa mtoto anayetetemeka, kukakamaa na kugeuza macho, na wengi hulihusisha na pepo. Kitabibu, hali hiyo yaweza kuwa mtukutiko wa homa, ambao katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa ni R56.0; yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, B50.0; au mwanzo wa kifafa, G40. Malaria hiyo huua kwa muda wa saa chache, ilhali mtukutiko wa homa mara nyingi hupita wenyewe. Mhudumu akichagua "degedege" katika orodha iliyofungamanishwa kwa pupa na msimbo mmoja kati ya hiyo, mfumo utakuwa umetoa utambuzi ambao hakuna tabibu aliyeutoa. Njia salama ni kuiacha degedege iwe dalili iliyosimuliwa, yenye dhana yake, na kuuacha utambuzi usubiri uchunguzi.

Tatizo la pili ni tofauti za kieneo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwa Mtanzania, homa ni joto la mwili lililopanda. Kwa Wakenya wengi, mtu mwenye homa ana kamasi na kikohozi, hali ambayo Mtanzania angeiita mafua. Katika misimbo, moja ni R50 na nyingine J00. Fomu ya Kiswahili iliyoandikwa Dodoma ikitumika Kisumu bila kuhaririwa itakusanya data safi kabisa ya kitu kisichokusudiwa. Viwango vya kompyuta vina njia ya kushughulikia hili: msimbo wa lugha "sw" unaweza kufuatwa na msimbo wa nchi, yaani sw-TZ au sw-KE, na Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa kimataifa, swc. Dhana ibaki moja, majina yatofautiane. Kazi ya kuamua majina hayo ni ya wanaistilahi na wahudumu wa afya wakiwa pamoja, si ya mtengeneza programu.

Majina ya watu nayo yanaleta ugumu wa aina yake. Fomu nyingi za kompyuta hudhani kwamba kila mtu ana jina lake na jina la ukoo analorithi. Mswahili wa pwani hutaja jina lake, la babake na la babu, hivyo "jina la ukoo" hubadilika kila kizazi. Nchini Rwanda, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake la Kinyarwanda, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina lolote. FHIR inaruhusu jina lote kuandikwa kama linavyosemwa, na mfumo unaojali utatumia nafasi hiyo. Ugumu huzidi pale kompyuta inapojaribu kugundua kama watu wawili katika vituo viwili ni mtu mmoja. Mbinu ya kale ya Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, hulinganisha majina kwa sauti zake lakini huishikilia herufi ya kwanza. Kwa mbinu hiyo Fatuma na Fatma hutambuliwa kuwa kitu kimoja. Khadija na Hadija hawatambuliwi kabisa, wala Rukia na Lukia. Kanuni ya ulinganishaji inayofuata fonolojia ya Kiswahili na ya lugha jirani ni kazi ndogo kwa mwanaisimu na yenye manufaa makubwa kwa kliniki; pia ingeweza kutolewa kwa leseni huria kama programu yenyewe.

Kuna umri vilevile. Wagonjwa wengi wazee hawaijui siku yao ya kuzaliwa. OpenMRS huweka tarehe kamili na kuambatisha alama kwamba ni ya kukadiria. Mfumo unaopokea tarehe hiyo ukiipuuza alama, makadirio yanageuka kuwa ukweli, na ulinganishaji wa mgonjwa unakataa mtu halali kwa kosa la siku asiyowahi kuitaja. FHIR inakubali mwaka peke yake. Mwongozo wa pamoja hauna budi kusema kwamba mwaka ndio utumwao pale tarehe inapokuwa ya kukadiria.

6.0 Uzoefu wa Rwanda na swali la mwenyewe

Rwanda ilijaribu mapema kuunganisha vituo vyake kwa muundo wa kitaifa, ikianzia na huduma za uzazi katika wilaya ya Rwamagana. Vituo vilitumia OpenMRS, lakini havikuunganishwa moja kwa moja kimoja na kingine. Katikati palikuwa na daftari la wagonjwa, daftari la vituo, daftari la watoa huduma, huduma ya istilahi, rekodi ya pamoja ya afya, na mlango mmoja ambao ujumbe wote ulipitia, uliojengwa na Jembi Health Systems ya Afrika Kusini. Uzoefu huo ulizaa jumuiya ya OpenHIE, ambayo muundo wake unafuatwa leo katika nchi nyingi. Somo lake la kitaalamu ni kwamba huduma ya istilahi ilitengwa na programu ya kliniki. Kamusi haikuwa tena mali ya kila hospitali.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 2010 wizara zake za afya zilitoa viwango na miongozo ya mifumo ya rekodi za kielektroniki, zikieleza kile ambacho mfumo wowote ulipaswa kuweza kufanya. Mwaka 2011 nchi ikaanza kutumia DHIS2 kitaifa kwa takwimu za jumla. Hapa panahitaji tahadhari, kwa kuwa mafanikio ya DHIS2 hufanya baadhi ya watunga sera waamini kwamba ubadilishanaji umekwisha kutatuliwa. Ripoti ya mwezi inayosema kwamba kituo kina wagonjwa 412 wanaotumia dawa haimsaidii yule mmoja aliyehama. Takwimu za jumla husamehe tofauti ndogo za maana; rekodi ya mtu haisamehi.

Sheria nazo zimebadilika. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Zote zinaweka masharti kwa data binafsi inayovuka mpaka, na taarifa za afya zinapewa ulinzi wa ziada. Kwa mgonjwa wa VVU masharti hayo ni ngao. Siri ikivuja kijijini hakuna programu inayoirudisha. Hivyo mwongozo wa pamoja hauna budi kubainisha jinsi ridhaa inavyoandikwa na kusafiri pamoja na rekodi, na si kuliacha hilo lishughulikiwe na kila kituo kwa busara yake.

Linalobaki ni swali la nani anayeitunza kamusi. Miradi ya wafadhili hulipia ujenzi wa mifumo na mafunzo ya watumiaji, kisha hufungwa. Kamusi haina sherehe ya kuzinduliwa. Kazi yake ni ya kila juma, na mtu anayeifanya vizuri haonekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Utafiti wa Afya yenye makao Bujumbura, na ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Suala la istilahi za rekodi za matibabu limekaa katikati ya taasisi hizo mbili. Ofisi ndogo ya pamoja, yenye daktari, mwanaistilahi, mtaalamu wa maabara na mtengeneza programu, ingeweza kuchapisha kila robo mwaka toleo la wazi la kamusi ya kieneo pamoja na ufungamanisho wa misimbo, na kupokea masahihisho kutoka vituoni kama vile miradi ya programu huria inavyopokea masahihisho ya msimbo.

Ofisi hiyo isianze na rekodi nzima. Kinachohitajika Busia ni muhtasari wa mgonjwa anayehama: utambulisho wake, mseto wa dawa wa sasa na iliyotangulia pamoja na sababu za kubadilishwa, matokeo ya mwisho ya wingi wa virusi, mzio wa dawa, hali ya kifua kikuu, ujauzito, na ridhaa. Dhana zake hazifiki mia moja. Kila moja ipewe ufafanuzi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, msimbo, kizio na mfano, kisha ijaribiwe kwa rekodi za kubuni katika KenyaEMR na UgandaEMR kabla haijaguswa rekodi ya mtu halisi. Katika orodha hiyo, ya kwanza kufafanuliwa iwe tarehe ya kuanza ARV: siku mgonjwa alipoanza kumeza dawa kwa mara ya kwanza, popote alipokuwa, na tarehe ya kupokelewa kituoni iandikwe kando katika dhana yake yenyewe.